Urafiki Nao Husomewa?

Ukumbi wa Chimwaga, ambamo zamani CCM ilifanya mikutano yake mikuu, leo umo katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome chuoni, akisikia kwamba kijana anasoma falsafa ya upendo na urafiki, ana haki ya kuuliza: urafiki nao husomewa?

Swali ni zuri. Aristotle, mwanafalsafa Myunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aligawa urafiki namna tatu: wa kufaidiana, wa kufurahishana, na ule ambao mtu humtakia mwenziwe mema kwa ajili ya mwenziwe huyo. Mgawanyo huu ukishaingia kichwani hautoki. Kijana huanza kujihoji: huyu ninamtembelea kwa ajili ya madaftari yake, yule kwa mzaha wake, je, wakiugua nitakwenda? Hapo elimu huanza kuuma.

Hata hivyo, tusiudharau urafiki wa faida. Wagogo tangu zamani huweka baadhi ya ng'ombe kwa rafiki wa kijiji kingine. Mtunzaji hupata maziwa, na mwenye mali hapotezi kundi zima ukame ukipiga upande mmoja. Faida tupu, atasema mtu. Lakini nani humkabidhi ng'ombe mtu asiyemwamini? Na siku ng'ombe wanapokufa wote, yule anayeendelea kubisha hodi anamfuata nani?

Aristotle aliishia mahali pagumu. Aliona kwamba tofauti ikizidi mno, kama kati ya mungu na mtu, urafiki hauwezekani. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alimsoma kwa heshima kubwa, kisha akashika Injili ya Yohane, sura ya 15, Bwana anapowaita wanafunzi wake marafiki, wala si watumwa. Akafundisha kwamba fadhila ya mapendo ni urafiki hasa, wa mtu na Mungu. Tena, ampendaye rafiki huwapenda na watu wa nyumbani mwa rafiki huyo, hata wakimuudhi.

Mwanafunzi aliyeielewa hoja hiyo hurudi likizo akiwa na shida mpya: yule jirani aliyegombana na baba yake juu ya mpaka wa shamba naye ni mtu wa nyumba hiyo. Baba asishangae akimwona mwanawe amesimama mlangoni kwa jirani, anabisha hodi.