Kuandaa Paa la Bati Kabla ya Kufunga Paneli za Umeme wa Jua

Katika vijiji vingi vya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, paneli ya umeme wa jua ndiyo taa ya mwanafunzi, chaji ya simu na, kwa wengine, mtaji wa kinyozi au muuza vinywaji. Mara nyingi ni mali iliyonunuliwa kwa akiba ya mavuno. Wanunuzi huuliza bei, nguvu ya betri na muda wa dhamana. Ni wachache wanaouliza iwapo paa litaweza kuishikilia paneli hiyo. Katika makala hii tunaeleza mambo ya kufanya kabla fundi hajapanda juu.

Upepo hushinda uzito

Paneli yenye eneo la mita 2 za mraba huwa na uzito wa takriban kilo 20 hadi 25. Paa lililojengwa vizuri hulimudu zigo hilo. Lakini upepo wa kilomita 90 kwa saa ukiikumba paneli hiyo kwa uso wake wote, huisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 75, yaani mara tatu ya uzito wake. Nyumba zilizo kwenye uwanda wa wazi kuzunguka Mlima Hanang, au juu ya miinuko ya Mbulu, mara nyingi hazina miti ya kuzikinga. Kwa hiyo vifungio vinapaswa kuchaguliwa kwa uwezo wa kuzuia paneli isinyanyuliwe, si kwa uwezo wa kuibeba tu.

Ndiyo maana hatushauri paneli kufungwa kwenye bati peke yake. Bati la geji 30 lina unene usiofika nusu milimita. Skrubu iliyoshikwa na bati tupu hupanua tundu lake kila upepo unapovuma, na mwishowe huchomoka. Nguvu ya upepo inapaswa kupokelewa na reli, ipite kwenye papi, kisha kenchi, hadi ukutani. Kiungo kimoja kikilegea, uimara wa vingine hausaidii.

Ukaguzi wa paa

Ukaguzi uanzie ndani, darini. Mbao zilizooza au kuliwa na mchwa zibadilishwe. Papi zilizoshikwa kwa msumari mmoja ziongezewe skrubu ndefu, na kenchi zifungwe ukutani kwa ukanda wa chuma au waya mzito.

Kisha fundi akague bati lenyewe. Bati la mita 3 likitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi kwenye jua la adhuhuri huweza kurefuka kwa zaidi ya milimita moja, kisha husinyaa usiku. Mwendo huo wa kila siku hulegeza misumari. Misumari iliyoinuka ibadilishwe kwa skrubu zenye mpira, na bati lililoliwa na kutu liondolewe sasa. Paneli nzuri hudumu zaidi ya miaka 20. Kuifungua baadaye ili kubadilisha bati ni kulipa ufundi mara mbili.

Kutoboa na kufunga

Matundu yatobolewe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita, na kila tundu liwe juu ya papi. Skrubu iwe na mpira usioharibiwa na jua, ikazwe bila kuuponda mpira huo. Chenga za chuma zifagiliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa hushika kutu na kulichafua bati.

Paneli iachiwe nafasi ya sentimita 10 hivi juu ya bati ili hewa ipite, kwa sababu paneli ikipata joto kali hupunguza umeme. Isitokeze nje ya ukingo wa paa, ambako upepo huinua kwa nguvu zaidi. Kwa kuwa wilaya hizi ziko kusini kidogo ya Ikweta, paneli ielekezwe kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iweze kuosha vumbi. Nyaya zipitishwe ndani ya bomba: ncha ya bati ikikata ngozi ya waya, paa zima linaweza kushika umeme.

Kabla ya kulipa

Mtake fundi akuoneshe leseni ya EWURA ya kufunga mifumo ya umeme. Tafuta alama ya ubora ya TBS kwenye bidhaa, na udai risiti. Makubaliano yaandikwe, yakitaja nani atawajibika paa likivuja au paneli ikichomoka, na kwa muda gani. Muulize pia aliyekuuzia bati iwapo kulitoboa kunafuta dhamana yake. Kazi ya juu isianze bati likiwa na umande, na fundi asipande bila kamba.

Ukaguzi ukionesha kwamba paa haliwezi, usilazimishe. Nguzo ya chuma iliyosimikwa kwa zege uani, mahali pasipo kivuli, hufanya kazi hiyo hiyo na ni rahisi kusafisha. Paneli ikishafungwa, ikaguliwe kila mwaka kabla ya mvua, na kila baada ya upepo mkali.