Kabla ya kulipia piza mjini

Msikilizaji mmoja wa Manyoni ameniuliza swali ambalo huenda wengine watalicheka. Mimi silicheki. Kijana wake amehitimu masomo Dar es Salaam, naye amewaomba wazazi kwamba siku ya mahafali wakale piza pamoja kwenye mkahawa wa Kitaliano. Mzee anauliza: katika jiji lile lenye vibao vingi vya piza, ataijuaje iliyo nzuri kabla fedha haijatoka mfukoni?

Ni swali la haki, kwa sababu fedha yenyewe si ndogo. Piza moja kubwa katika mikahawa ya upande wa Msasani na Masaki inaweza kukaribia bei ya jogoo wa kienyeji hapa Singida, au hata kuipita. Mtu aliyeuza vitunguu vyake, akasafiri mamia ya kilometa kwa basi, hastahili kuletewa chapati ngumu iliyopakwa sosi ya chupa, kisha akaambiwa kuwa ndivyo Wazungu wanavyokula.

Kwanza tujue piza ni kitu gani. Asili yake ni chakula cha makabwela. Ilikulia katika vichochoro vya Napoli, mji wa bandari ulio kusini mwa Italia, ikiwa mkate wa kumshibisha mtu asiyemudu nyama. Husimuliwa kwamba mwaka 1889 mpishi Raffaele Esposito alimwandalia Malkia Margherita piza yenye nyanya, jibini nyeupe na majani ya mrehani, yaani rangi tatu za bendera ya Italia. Hadi leo piza hiyo inaitwa Margherita. Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wa wapishi wa piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Angalia, ndugu msomaji, kilichopewa heshima ni ufundi wa mkono. Wingi wa nyama juu ya mkate haukutajwa.

Basi mzee wetu akague mambo manne.

La kwanza ni donge la unga. Piza ya Napoli hukandwa kwa vitu vinne tu: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira. Baada ya hapo donge huachwa liumuke polepole, kwa saa 8 au zaidi, hata kufikia siku nzima. Mpishi mwenye haraka huzidisha hamira ili liumuke upesi, na matokeo yake ni mkate mzito unaonuka hamira. Mzee aulize tu, bila kuona haya: donge la leo limekandwa saa ngapi? Akijibiwa kwamba lilikandwa jana jioni au alfajiri, hiyo ni dalili njema.

La pili ni moto. Tanuri la Napoli huwashwa kwa kuni mpaka joto lizidi nyuzi 400 za Selsiasi, na piza huiva humo kwa dakika moja au moja na nusu. Moto mkali hivyo huifurisha kingo ya mkate kabla katikati hapajakauka. Jiko dogo la umeme halifikii joto hilo, kwa hiyo piza hukaa humo muda mrefu na kukauka kama biskuti. Akiletewa, ainue kipande atazame chini yake. Madoa ya kuungua hapa na pale ni mazuri. Pakiwa peupe pote kama karatasi, moto ulikuwa mdogo.

La tatu ni jibini, na hapa ndipo mnunuzi anapoibiwa zaidi. Jibini ya piza ni mozzarella, nayo hutengenezwa kwa maziwa. Lakini duniani kuna jibini za kuiga, ambazo mafuta ya mimea yamechukua nafasi ya mafuta ya maziwa, nazo ni za bei ya chini. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Niliwahi kumuuliza mhudumu katika mkahawa mmoja wa jiji, ambao sitautaja, jibini yao inatoka wapi. Alinijibu kwa ukali kwamba inatoka dukani. Nililipa soda yangu nikaondoka. Mhudumu asiyejua akaenda jikoni kuuliza hana kosa. Wa kuogopwa ni yule anayekasirika.

La nne ni orodha ya vyakula. Mkahawa unaouza piza za namna hamsini, pamoja na biriani, chipsi na vyakula vya Kichina, una kazi kubwa ya kuvijua vyote. Mzee aagize Margherita kwanza. Haina nyama wala pilipili za kufichia unga mbaya, na aghalabu ndiyo ya bei nafuu. Mpishi akiiweza hiyo, nyingine atakuwa anaziweza.

Wapo watakaopendelea tambi. Kipimo chake ni jino. Waitaliano huziepua tambi zikiwa zimeiva lakini bado zina ukinzani kidogo zikitafunwa. Zikishikamana kama ugali, zimechemka mno. Na anayefika Zanzibar asidanganyike na jina: ile inayoitwa piza pale Forodhani ni unga uliokunjwa ukajazwa nyama na yai, ukakaangwa juu ya chuma. Ni ndugu wa mkate wa kima. Ni tamu, lakini Napoli haiijui.

Kwa kweli vyakula vya Italia si vigeni sana katika pande zetu. Malindi, nchini Kenya, iliwapokea Waitaliano wengi tangu miaka ya 1960, wakati Italia ilipojenga karibu na hapo kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti. Kusini mwa Somalia, ambako Italia ilitawala, tambi zimekuwa chakula cha kila siku, nazo huliwa pamoja na ndizi. Hata hapa mkoani kwetu, hospitali ya Mtakatifu Gaspar ya Itigi ni ya Wamisionari wa Damu Azizi, shirika lililoanzishwa Italia mwaka 1815, ambalo limeleta mapadre Waitaliano katika nchi hii.

Ndiyo maana nataka tufike mbali kuliko sahani ya mzee mmoja. Mchuzi maarufu wa nyama wa Bologna huanza na kitunguu kilichokatwakatwa, kikakaangwa polepole. Kitunguu tunacho, na kinapakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam. Kuku tunao, mafuta ya alizeti tunayo, na ng'ombe tunao. Tunachokosa ni jibini. Kule Njombe, shirika la CEFA la Bologna lilishirikiana na wafugaji kuanzisha kiwanda cha maziwa kilichotengeneza jibini za Kitaliano, mozzarella ikiwamo. Maziwa yanayochacha kwa kukosa mnunuzi yakawa bidhaa ya kuuzwa mjini. Ng'ombe wetu wa asili hutoa maziwa machache, na jambo kama hilo linadai ng'ombe bora, usafi na umoja wa wafugaji. Lakini Njombe nao hawakuanza na vyote.

Wakulima wetu wanapouza gunia, huwa wanauza mwanzo wa mchuzi wa mtu mwingine. Mwisho wake, ambao ndio wenye faida, hupikwa kwingine, nao huulipia wakienda mahafali. Masikini wa Napoli walichukua unga, nyanya na jibini, vitu walivyokuwa navyo, wakavipika kwa uangalifu mpaka dunia ikavifuata. Sisi vyetu tunavipakia kwenye lori kabla hata ya kuwasha moto.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.