Mwanao anasoma Kichina? Anzeni na mchele

Msimu wa mavuno hapa Chita, foleni ya mashine ya kukoboa mpunga huwa ndefu. Siku hiyo nilikwenda na baba yangu mzazi na binti yangu wa kidato cha pili, aliyekuwa likizo. Shuleni kwao wanafundishwa Kichina. Tukiwa tumekalia magunia, binti akasogea kwenye kibati cha mashine, akaweka kidole kwenye alama ya katikati kati ya alama tatu.

"Babu, hii naijua. Inasomwa mi. Ni mchele."

Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Mifani."

Binti akashtuka. Mifani ni wali. Babu yake, ambaye hajawahi kukaa darasa la Kichina, kalitoa wapi neno hilo?

Kalitoa relini. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza 1970, na njia yote, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilikabidhiwa 1976. Ilipopita bonde letu la Kilombero, vijana wengi walipata kibarua, naye akiwa mmoja wao. Mafundi wa Kichina walipokwenda kula walitaja "mifan", na vijana wakalidaka.

"Lakini mshahara nilipokea kwa dole gumba," akatuambia. "Hata jina langu nilikuwa sijui kuliandika. A, e, i nilizipata baadaye kwenye elimu ya watu wazima. Hilo la Wachina nimekaa nalo mdomoni zaidi ya miaka hamsini, sura yake sijawahi kuiona."

Mchele si wali

Wazazi wengi tunaona Kichina ni mlima. Lakini kwa mtu wa bonde la mpunga, mahali pa kuanzia papo. Sisi tunatofautisha mpunga, mchele na wali. Wachina nao hufanya hivyohivyo: mpunga shambani ni 稻 (dao), uliokobolewa ni 米 (mi), na ukiiva huwa 米饭 (mifan). Mtoto wa Chita hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Mi hutamkwa kwa sauti inayoshuka kisha kupanda. Kwa Kichina, ukibadilisha mkondo wa sauti, umebadilisha neno.

Namna ya kuiandika

Alama hii ina mistari sita, na kila mmoja una zamu yake:

1. Nukta ya juu kushoto, ikiinamia katikati.
2. Nukta ya juu kulia, ikiinamia katikati pia.
3. Mstari wa kulala, kutoka kushoto kwenda kulia.
4. Mstari wa kusimama, kutoka juu kwenda chini, ukiukata ule wa kulala.
5. Mkia wa kushoto, kutoka katikati kushuka.
6. Mkia wa kulia, kutoka katikati kushuka.

Chukua daftari na rula, chora mraba. Ndani yake piga mstari wa kulala, wa kusimama, na miwili ya kona kwa kona. Watoto wa China hujifunzia kwenye miraba ya namna hiyo, na huitwa miraba ya mi kwa sababu mistari yake inafanana na alama yenyewe.

Utakutana nayo wapi

Kwenye mashine za kukoboa kutoka China, alama tatu 碾米机 maana yake ni mashine ya kukoboa mchele. Mahindi ni 玉米 (yumi). Jina la simu za Xiaomi, 小米, ni nafaka ndogo ya jamii ya mawele. Unga ni 粉 (fen): upande wa kushoto kuna mchele, na upande wa kulia kuna alama yenye maana ya kugawa. Ukiona 米 baada ya namba, kama 100米, hapo ni mita. Wachina waliichukua kwa sababu ya sauti tu.

Mzazi mwenzangu, mtoto akirudi na somo usilolijua, usimjibu "mimi sijui hayo." Mwambie akufundishe. Huenda nyumbani kuna mzee mwenye nusu ya jibu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Siku ile mzee aliokota kijiti, akasawazisha pumba kwa kiganja, akaanza na mstari wa kusimama.

"Hapana babu, nukta kwanza."

Akafuta. Akaanza upya: nukta mbili, wa kulala, wa kusimama, mkia huku, mkia kule. Ulikaa upande kidogo, lakini ulisomeka. Akautazama mpaka mwenye mashine alipotuita kwamba zamu yetu imefika.

"Subiri kwanza," mzee akamjibu. "Naandika."