UFAFANUZI: MSAADA WA SERIKALI KATIKA GHARAMA ZA HATI YA USALAMA WA CHAKULA KWA WAKULIMA WA MATUNDA NA MBOGA

Wengi hudhani kwamba mkulima akishalima vyema na kuvuna vyema, soko litamfuata mwenyewe. Siku hizi sivyo. Mnunuzi mkubwa hutaka kwanza kuona hati inayothibitisha kuwa shamba linafuata taratibu za usafi, tangu maji ya kumwagilia hadi kufungasha. Hati hiyo ina gharama, na suala ni nani azibebe. Makala haya yanaeleza namna Serikali ya Marekani ilivyolikabili suala hilo, ili watumishi na wananchi wapate kulipima.

Chanzo chake ni maradhi. Mwaka 2006 spinachi zilizochafuliwa na bakteria aina ya E. coli ziliwaugua nchini humo watu wapatao 200, na 3 kati yao walifariki. Tarehe 4 Januari, 2011 Rais Barack Obama alitia saini sheria mpya ya usalama wa chakula, na mwezi wa Novemba, 2015 zikachapishwa kanuni za mashamba zinazohusu maji, samadi, wanyama, vifaa na usafi wa wafanyakazi.

Ieleweke kuwa sheria hiyo haimlazimishi mkulima kuwa na hati. Wanaoidai ni wanunuzi, hasa wenye maduka makubwa. Asiyekuwa nayo hashitakiwi, lakini mzigo wake haupokelewi.

Hapo ndipo mkulima mdogo anapoelemewa. Mkaguzi wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo hulipwa kwa saa, pamoja na muda wa safari. Safari ya kwenda katika shamba la eka 5 ni ile ile ya kwenda katika shamba la eka 500. Mwenye shamba kubwa huigawa gharama hiyo katika maelfu ya makasha. Mwenye shamba dogo huigawa katika machache.

Kwa sababu hiyo, mwezi wa Juni, 2022 Wizara hiyo ilitangaza mpango wa kuwarejeshea wakulima sehemu ya gharama hizo, na ukatengewa hadi dola milioni 200. Mpango ulianza na gharama za mwaka 2022 na 2023, kisha ukaendelezwa kwa mwaka 2024 na 2025. Waliostahiki ni wale ambao wastani wa mauzo yao kwa mwaka, ukihesabiwa kwa miaka 3 iliyotangulia, haukuzidi dola 500,000.

Gharama zilizokubaliwa ni hizi:

(a) kuandaa mpango wa usalama wa chakula wa shamba, au kuusahihisha uliopo;
(b) kupata hati au kuihuisha;
(c) kupima vijidudu katika mazao, maji na mbolea;
(d) mafunzo.

Hazikukubaliwa gharama za ujenzi, ununuzi wa vifaa, mishahara ya wafanyakazi wala faini.

Jambo la kuzingatia ni kwamba fedha hizo hazikutolewa mapema. Mkulima alilipa kwanza kwa fedha zake, kisha akaomba katika ofisi ya kilimo ya wilaya yake, akiwa tayari kuonesha ushahidi wa malipo. Kwa hivyo msaada huu ulimpunguzia mzigo mwenye chochote mkononi. Asiyekuwa na kianzio ulimwacha mlangoni. Hiyo ni kasoro inayofaa kuangaliwa na kila afisa anayepanga msaada wa namna hii popote pale.

Kwa upande wa mkulima, somo ni jepesi na halimgharimu kitu: aandike tarehe ya kumwagilia, ya kutia samadi na ya kuvuna, na ahifadhi kila stakabadhi. Bila ya kumbukumbu hizo hati haipatikani, na bila ya stakabadhi msaada haudaiwi. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.