Kolwezi: Jirani alipoitwa mdudu

Wakaaji wa Kolwezi wenye miaka 40 na zaidi hawajasahau stesheni ya treni mwaka 1993. Familia zenye asili ya Kasai zililala pale nje, nyingine kwa miezi, zikingoja behewa la kuzipeleka Mwene-Ditu. Wengi wao walizaliwa Katanga. Kasai hawakuwahi kuiona. Babu zao waliletwa na Wabelgiji kujenga reli na kufanya kazi katika migodi ya Union Minière. Wengine walikufa pale pale kwa njaa na magonjwa, wengine ndani ya mabehewa.

Fujo zilizoanza 1992, hasa Likasi, zilifika Kolwezi Machi 1993. Katika jimbo zima, mamia ya maelfu walifukuzwa.

Kusema waliowafukuza walikuwa watu wabaya tu ni jibu rahisi mno. Wengi walikuwa majirani: walikopeshana chumvi, walizikana, hata walioana. Kwanza kazi ilikwisha. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufikisha 50,000. Nyumba ya kampuni aliyopewa jirani ikaanza kutamaniwa, na kiti chake cha ofisini pia. Kisha likaja neno. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza aliwaita Wakasai "bilulu", yaani wadudu. Na mdudu, nani anamuuliza kama mtoto wake amekula?

Wapo Wakatanga waliokataa neno hilo, wakawaficha majirani zao. Wema huo haukuwa wa bure: aliyemlinda Mkasai aliweza kuitwa msaliti nyumbani kwake. Ndiyo sababu wengi wenye moyo mzuri walifunga tu mlango. Hawakumchukia mtu, waliogopa.

Leo Kolwezi ni makao makuu ya Lualaba, na kobalti imewavuta tena vijana wa Kasai. Wanafika kwa treni na malori, wanachimba pamoja na wenyeji. Maneno ya zamani nayo yanasikika tena, mara nyingi kama mzaha.

Baadhi ya waliofukuzwa walirudi baada ya miaka. Wapo waliokuta nyumba zao zina watu wengine, wakapanga mtaa ule ule.