Samadi ya nguruwe: Wenzetu yawalemea, sisi twaitupa

BEI ya mbolea imekuwa kilio cha kila msimu katika Uasin Gishu. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia lilipita shilingi 6,000, hata serikali ikalazimika kuliteremsha kwa ruzuku hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500. Mwaka 2024 wakulima wakapigwa na butwaa kusikia kwamba sehemu ya mbolea iliyopitia maghala ya umma ilikuwa hafifu.

La kusikitisha ni kwamba viungani mwa mji huu wa Eldoret si vigumu kukuta samadi ya nguruwe imerundikwa nyuma ya banda, inaanikwa na jua na kulowa mvua. Jua huirusha naitrojeni hewani. Mvua huosha kilichosalia na kukipeleka mitoni. Mwenye banda hudhani ameondoa uchafu, kumbe ametupa fedha.

Tuitazame Uholanzi. Nchi hiyo ni ndogo kuliko Kaunti ya Turkana, lakini ina nguruwe takriban milioni 10. Chakula chao, hususan soya, huletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Nyama huuzwa nje, na kinyesi hubaki. Udongo umeshiba hadi umekinai, na naitreti hupenya hadi kwenye maji ya kunywa. Ndiyo maana sheria ya Ulaya ya mwaka 1991 iliweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta katika maeneo yaliyo hatarini. Huko samadi haimwagwi ovyo juu ya shamba bali hudungwa udongoni kwa mitambo, na mfugaji mwenye ziada hulipa ili ichukuliwe. Mwaka 2019, mahakama ilipobatilisha mpango wa serikali kuhusu naitrojeni, wakulima waliziba barabara za The Hague kwa matrekta.

Kikomo hicho ni kama kilo 69 kwa ekari. Mkulima wetu anayetia gunia moja la DAP na moja la CAN katika ekari ya mahindi huipa kilo 22 hivi. Wanachokiita wenzetu mpaka wa hatari ni zaidi ya mara tatu ya kile tunachokihangaikia sisi. Wao wana ugonjwa wa shibe. Sisi tuna ugonjwa wa njaa.

Isitoshe, kutia DAP mwaka nenda mwaka rudi kumechangia kuuongezea asidi udongo wa mahindi hapa kwetu, na udongo wa namna hiyo huing'ang'ania fosforasi isiufikie mmea. Samadi hurudisha uhai wa udongo, huupunguzia makali ya asidi na kuusaidia kushika maji. Haiondoi haja ya chokaa pale asidi ilipozidi, wala haiwezi kuchukua nafasi ya mbolea ya dukani yote. Lakini gunia moja likipungua, hiyo ni karo ya mtoto.

Hata hivyo, tusiikumbatie kwa pupa. Samadi mbichi ya nguruwe huunguza miche na hubeba mayai ya minyoo na vijidudu vya maradhi. Yafaa ichanganywe na mabua ya mahindi, ifunikwe, igeuzwe mara kwa mara na kuachwa ijichome kwa joto lake miezi kadhaa hadi iwe mboji. Isitiwe kwenye sukuma wiki ikiwa mbichi, wala karibu na kisima. Na yule ambaye dini yake haimruhusu kumgusa mnyama huyu asilazimishwe. Samadi ya ng'ombe na ya kuku ipo.

Kilimo kimekuwa jukumu la kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Basi kaunti iwatume maafisa wa nyanjani wawafunze wafugaji kujenga mashimo yenye paa, iwakutanishe na wakulima wa mahindi, na kurahisisha upimaji wa udongo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Waholanzi walianza kupima baada ya maji yao kuchafuka. Sisi tungali na nafasi ya kupima mapema, kabla rutuba haijaishia Mto Sosiani.