Akaunti ya Pamoja Mume na Mke Wanapotengana (2)

Juma lililopita tulieleza kwamba mume na mke wanaotengana bado ni mume na mke mbele ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Leo tuingie benki, maana huko ndiko wengi wanakoumia kabla hata ya kumwona wakili.

Mwenye fedha ni nani? Na mwenye uwezo wa kuzitoa ni nani? Wengi wetu huyachanganya maswali haya. La kwanza ni la mahakama. La pili hujibiwa dirishani na karani, naye hana haja na cheti chenu cha ndoa. Anachoangalia ni fomu mliyoijaza siku ya kufungua akaunti. Kama mlikubaliana kwamba yeyote kati yenu anaweza kusaini peke yake, mmoja anaweza kuzichukua zote asubuhi moja, na benki itakuwa haijakosea kitu. Mama anakwenda Januari kutafuta ada ya watoto, anaambiwa salio ni shilingi 4,000. Akilia, karani atamwonea huruma, lakini hana la kumrudishia.

Kwa hiyo, siku mnapoacha kuishi pamoja, hatua ya kwanza ni barua kwa meneja wa tawi. Eleza kwamba kuna mgogoro kati ya wenye akaunti na uombe fedha zisitolewe bila saini zenu wote wawili. Peleka nakala mbili, na yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usisahau simu: mara nyingi huduma ya benki kwa simu imeunganishwa na namba ya mmoja tu, na kadi ya mashine iko mfukoni mwa huyo huyo. Ziandike zote katika barua. Kisha omba taarifa ya akaunti ya miezi 12 iliyopita. Benki ikisita kubadili masharti kwa ombi la mmoja, kimbilio ni zuio la muda la mahakama.

Ndugu na marafiki watakupa ushauri mwingine: wahi, zitoe zote kabla hajazitoa yeye. Nauogopa sana ushauri huu. Kifungu cha 60 cha sheria kinasema mali iliyo kwa majina ya wanandoa wote wawili huchukuliwa kuwa ni yao kwa usawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mali iliyo kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake peke yake, nayo vilevile mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anayehamishia fedha kwenye akaunti yake hudhani amejificha nyuma ya sehemu hii ya pili, lakini taarifa ya benki ndiyo inayomfichua: tarehe ipo, kiasi kipo, jina la aliyetoa lipo.

Na mahakama huhesabu. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Tunausifu uamuzi huo, na unastahili. Tunachosahau ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara naye akazitapanya. Mahakama ikaona fungu lake alikwisha kulipokea. Sheria iliyomwinua mama wa nyumbani ndiyo hiyo hiyo iliyomdai hesabu.

Hii haina maana kwamba watoto walale njaa wakisubiri hukumu. Kama ni lazima kutoa, toa cha ada, kodi ya nyumba na chakula, tunza risiti, na mwandikie mwenzako siku hiyo hiyo kiasi ulichotoa na kazi yake. Afadhali zaidi mkubaliane kwa maandishi, hata mbele ya baraza la usuluhishi la ndoa, kiasi gani kitoke kila mwezi na kwa ajili ya nini. Mgawanyo wenyewe, chini ya kifungu cha 114, husubiri amri ya mahakama ya kutengana au ya talaka.

Juma lijalo: mikopo iliyochukuliwa kwa dhamana ya nyumba ya familia, ambako kifungu cha 59 kinataka ridhaa ya mwenza.